Kila mume wangu akikaribia kusafiri, natafuta ugomvi

Assalamu alaykum Somo,

Mimi ni mke wa dereva wa trela, nina miaka 31, tunaishi Mombasa na tuna watoto wawili. Mume wangu hubeba makontena kutoka bandarini hadi Kampala, mara nyingine hufika Kigali. Akiwa nyumbani siku zake tatu nne, nyumba ni raha tupu, hata majirani watakwambia. Taabu yangu ni usiku wa kuamkia safari.

Hapo sijui hunipata nini. Naanza na kitu kidogo, chumvi au shati alilolitupa kitandani. Akinyamaza nachimba jingine. Nitamuuliza pesa za Ramadhani zilikwenda wapi, nitamuuliza yule mwanamke wa hoteli ya Malaba aliyemtaja mara moja tu, tena kwa mzaha. Kuna usiku nilimficha pasipoti chini ya godoro la mtoto, nikakaa namwangalia anavyohangaika hadi jasho likamtoka. Alfajiri anaondoka hatujaagana. Gari halijafika Mariakani mimi nishaanza kulia na kumpigia simu anisamehe. Hunisamehe. Akirudi tunapendana, akikaribia kuondoka tunaanza upya.

Sasa amepata dawa yake. Siku ya mwisho hutoka baada ya magharibi, husema anakwenda yadi kuangalia gari, na haonekani tena. Hulala kwenye kebini, saa kumi anaondoa gari. Mimi na watoto tukiamka ndiyo tunajua kashakwenda. Somo, hilo limeniuma kuliko magomvi yote. Juzi nilirusha kikombe ukutani na mtoto mkubwa akaniona.

Nikueleze na habari ya mamangu, maana ndiko maneno yalikofika. Mama alikwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani nikiwa na miaka minne. Baba simjui vizuri. Nililelewa na nyanya Likoni na sikukosa kitu: karo, nguo za Idi, hata nyumba tunayoiita yetu imejengwa kwa jasho la mama. Siku aliyoondoka siikumbuki. Nyanya, Mungu amrehemu, ndiye aliyenisimulia kwamba walisubiri nilale ndipo teksi ikaitwa, ili nisilie. Alikuwa akija likizo mara chache, akarudi moja kwa moja nikiwa na miaka 15. Siku hiyo nilimwamkia shikamoo kama ninavyomwamkia mgeni yeyote, nikarudi kukaa ubavuni mwa nyanya. Watu walicheka sana. Mimi sina neno baya juu ya mama, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tutakosana.

Mwezi uliopita mama alirudi kutoka umra. Kazi ya kumpokea uwanja wa ndege ilikuwa yangu, nami nilisahau. Sikuchelewa, nilisahau kabisa. Nilikuwa nafua, simu iko chaji chumbani. Alikaa pale na mizigo yake na maji ya zamzam zaidi ya saa mbili.

Ndipo mtoto wa mamangu mdogo, anayesoma saikolojia chuo kikuu, akaniweka kitako. Anasema Freud alithibitisha kwamba hakuna kusahau kwa bahati mbaya, kwa hiyo mimi namchukia mamangu na sijijui. Anasema mume wangu kwangu ni baba niliyemkosa. Anasema lazima kuna jambo baya zaidi nililofanyiwa utotoni nikalizika, na anataka niende kwake, nilale nifumbe macho, anisaidie kulikumbuka. Mama mkwe naye anasema ni jini mahaba asiyetaka nikae na mume, na keshazungumza na mtu wa kuniandikia kombe.

Tangu siku hiyo nashindwa kumtazama mama usoni. Je, mtu anaweza kumchukia mzazi wake bila kujijua? Nimkubalie huyu mwenzangu anichimbe? Na mume nimwambie nini?

Mke wa dereva, Mombasa


Waalaykum salaam mwanangu,

Nianze na hilo la kuchimbwa, kwa sababu halina subira. Usiende.

Sidhani mwenzako ana nia mbaya. Ila kumbukumbu za utotoni hazikai mahali zimefungwa, zikisubiri mtu aje azifukue zilivyo. Kila tunapokumbuka tunaunga upya, na anayetuuliza maswali anaweza kutia mkono wake katika kuunga huko bila yeye wala sisi kujua. Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus, na mwenzake walichapisha jaribio ambamo watu wazima walisomeshwa visa vya utoto wao vilivyotolewa na jamaa zao, na katikati ya visa hivyo kikapenyezwa kimoja cha uongo: kwamba walipokuwa wadogo waliwahi kupotea ndani ya jengo la maduka. Takriban robo yao waliishia kukikumbuka, chote au sehemu yake, kisa ambacho hakikutokea. Hao walikuwa wakihojiwa na wageni tu. Wewe unaambiwa ulale, ufumbe macho, na mtu unayempenda akuhakikishie kwamba lazima lipo. Ukilitafuta hivyo utalipata, litakuwa na chumba chake na saa yake na sura ya mtu, na mtu huyo huenda akawa mjomba asiyejua chochote. Nisieleweke vibaya: watoto hudhuriwa, na wengi wao hukumbuka vizuri sana, tatizo lao ni kwamba waliposema hawakuaminiwa. Lakini katika barua yako sikuona dalili ya jambo hilo hata moja. Aliyelitia ni yeye.

Na huyo Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi, yaani kutibu kwa mazungumzo yanayotafuta yaliyofichika ndani ya mtu, kama anampenda kiasi hicho amtafute katika makala yake fupi ya 1910 inayowasema wachanganuzi wa kiholela. Humo Freud anaeleza habari ya mwanamke mmoja aliyeachana na mumewe, umri unakaribia miaka 50, aliyemjia Vienna na hofu zilizozidi baada ya daktari kijana kumwambia kavukavu kwamba ugonjwa wake ni kukosa mwanamume. Kijana yule alidai hayo ndiyo mafundisho ya Freud. Freud hakufurahi. Alisema kumtangazia mgonjwa yaliyofichika ndani yake kunatibu sawa na kugawa karatasi zenye orodha ya vyakula wakati wa njaa. Aliweka masharti mawili kabla ya mtu kufungua mdomo: mgonjwa mwenyewe awe keshalikaribia jambo lile kwa miguu yake, na awe amemzoea na kumwamini anayemwambia. Mwenzako hakutimiza hata moja. Matokeo yake umeyaandika: huwezi tena kumtazama mamako usoni, na ugomvi na mume uko palepale.

Tena jamaa hamchanganui jamaa. Freud mwenyewe alilivunja sharti hili, akamchanganua bintiye Anna kuanzia 1918, na wanafunzi wa wanafunzi wake mpaka leo wanapata shida kulitetea.

Kwa mama mkwe sitaki kukutia vitani. Ikiwa ni aya zilizoandikwa kwa zafarani, na mwandishi hadai mbuzi wala hakutengi na mumeo, kunywa uridhishe moyo wa mzee. Ninachokuomba usikinywe ni kile kisingizio kinachokuja pamoja nalo. Anayesema "si mimi, ni jini" na anayesema "si mimi, ni akili yangu isiyojitambua" wanasema jambo moja, wote wanatoka nyumbani na kumwachia mwingine lawama. Pasipoti uliificha wewe.

Sasa swali lako lenyewe, kama mtu anaweza kutenda kwa sababu asiyoijua. Anaweza, na hilo wazee wetu hawakuhitaji mtu wa Vienna awaambie. Dai la Freud lilikwenda mbali zaidi. Alisema sababu hizo hazikupotea tu. Zinazuiwa zisijulikane, kwa sababu zikijulikana zitaumiza au zitatia aibu. Na kwamba zikizuiwa hazifi, hutafuta mlango mwingine: ndoto, ulimi unaoteleza, miadi iliyosahauliwa. Mwaka 1901 alichapisha kazi nzima juu ya makosa hayo ya kila siku, ikatoka kama kitabu 1904. Mna neno moja humo linanifurahisha, kwamba kuna mahali pawili ambapo "nilisahau" haikubaliwi kuwa udhuru: jeshini, na kwa mpenzi. (Mumeo ataongeza pa tatu, kwa mwenye gari.)

Lakini kutoka hapo hadi "hakuna kusahau kwa bahati mbaya" ni safari nyingine. Mtu ana ndoo tatu za nguo, watoto wanagombania biskuti, simu iko chumba cha pili, siku inampita. Kwa kusahau kumoja unaweza kutunga hadithi yoyote uitakayo, na aliyesahau akikataa utamwambia kukataa kwenyewe ni ushahidi. Mwanafalsafa Karl Popper alimlaumu Freud kwa jambo hilo, kwamba nadharia isiyoweza kukutwa na kosa haiwezi kupimwa, na mimi naona alikuwa na haki. Kwa hiyo la uwanja wa ndege naliweka kando. Muombe mama radhi kwa saa mbili zile, mpikie anachokipenda, yaishe. Usimpelekee na tafsiri.

Mimi natazama linalojirudia. Usiku uleule, kabla ya jambo lilelile, na majuto yaleyale gari likifika Mariakani. Hapo Freud ana la kutusaidia.

Mwaka 1920 aliandika juu ya mjukuu wake, mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, mtulivu, aliyesifiwa kwamba halii mamake akitoka. Mtoto huyu alikuwa na kibao kidogo cha kuzungushia uzi, kimefungwa kamba. Alikuwa akikitupa nyuma ya ukingo wa kitanda chake hadi kisionekane, huku akivuta sauti "ooo", ambayo mamake na babu yake waliielewa kuwa "kimekwenda". Kisha huvuta kamba, na kibao kikitokeza hukipokea kwa furaha: "hiki hapa". Alifanya hivyo tena na tena, na kule kutupa kulirudiwa zaidi kuliko kuvuta. Freud akajiuliza, mtoto anapataje mchezo katika jambo linalomuuma? Miongoni mwa majibu aliyoyatoa mna hili: mama akitoka, mtoto ndiye anayeachwa na hana la kufanya, akitupa kibao, yeye ndiye mwenye kuondosha. Na ndani yake mna kisasi kidogo, kama anayesema, haya nenda, nakufukuza mwenyewe.

Sasa rudia barua yako. Mume anayefukuzwa hakuachi, umemtoa wewe. Chumvi, shati, mwanamke wa Malaba, vyote vinafanya kazi moja, kuhakikisha kwamba alfajiri ikifika mlango umefunguliwa na wewe. Ugomvi una faida ya pili pia. Watu wakigombana hadi usiku wa manane hakuna anayelala, na katika nyumba yenu ya zamani kule Likoni kulala ndiko kulikokuponza. Ulifumba macho una mama, ukayafumbua huna.

Hiki ni kisio changu. Nimekijenga juu ya mambo uliyoniandikia kwa mkono wako, si juu ya jambo lililozikwa, na kama hakikuingii kitupe. Kinachonifanya nikiamini ni ile kebini. Kwa nini mume kwenda kulala yadi kukuume kuliko matusi ya usiku mzima? Yeye alidhani amewaepusha na kilio. Na ndivyo mamako na nyanyako walivyodhani, wakasubiri ulale. Nia njema mara zote mbili, na wewe mara zote mbili ukaamka ukakuta mtu keshakwenda.

Je, unamchukia mama? Ngoja nikupeleke London kidogo. Daktari John Bowlby alikuwa mchanganuzi wa nafsi, lakini alichoka kusikiliza watu wazima wakisimulia utoto wao, akataka watoto watazamwe wenyewe. Mwenzake James Robertson alikwenda hospitalini na kamera, na filamu yake ya 1952 inamwonyesha mtoto wa kike wa miaka miwili katika siku nane za kulazwa, enzi ambazo wazazi hawakuruhusiwa kukaa na watoto wodini. Kwa watoto waliotenganishwa na mama kwa muda mrefu, wawili hao walieleza hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kudai. Kisha hukata tamaa. Kisha hujifunga, na hapo wauguzi hufurahi kwa sababu sasa anakula na anacheka na kila mtu. Mama akija kumtazama, mtoto humwona mtu baki. Shikamoo yako iliyochekesha watu nimeisoma mara mbili. Mtoto wa miaka 15 anayemwamkia mamake kama mgeni hana chuki. Ametunza heshima, na kingine amekifunga.

Mwanamke aliyefanya kazi na Bowlby, Mary Ainsworth, alikuja huku kwetu. Mwaka 1954 alifika Uganda, akawa akiwatembelea majumbani mama na watoto wachanga wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, huko huko mumeo anakoshusha mizigo. Aliona mtoto anavyotambaa kwenda kuchezea vitu huku akigeuka kuangalia kama mama yupo. Baadaye, akiwa Baltimore, alibuni jaribio lililomfanya ajulikane: mtoto wa mwaka mmoja huachwa na mamake chumbani kwa dakika chache, kisha mama hurudi. Wengi walimkimbilia, wakatulia, wakaendelea kucheza. Wengine walijifanya hawakumwona. Na kulikuwa na kikundi kidogo kilichonigusa zaidi ya vyote: walilia wabebwe, na wakishabebwa wakampiga mateke mama, wakajikunja mgongo washuke, wakishushwa wakalia tena wabebwe. Sioni sababu ya kusema kwamba watoto hao wanawachukia mama zao.

Sikuweki katika kundi lolote. Jaribio lile ni la watoto wa mwaka mmoja, si la wake wa madereva, na wewe ulikuwa na nyanya, ambaye kwa barua yako naona alikuwa mama kamili. Nilitaka uone tu kwamba kumtaka mtu na kumpiga mateke ni mambo yanayokaa katika mwili mmoja dakika ileile, tangu hatujajua kusema.

Na mtoto wa mama aliyekwenda Arabuni ana mzigo wake wa ziada. Pesa zinakuja kila mwezi. Akiuliza mbona mama haji, anaambiwa mama yuko huko kwa ajili yako. Akinuna, ataambiwa hana shukrani. Utamkasirikia vipi mtu anayekusomesha? Hasira ya mtoto huyo haina pa kukaa, haiwezi kupigwa simu Muscat. Wenye fani hii husema huhamishwa, ikapelekwa kwa mtu ambaye ni salama kumkasirikia. Mume wako ni salama. Unajua hilo kwa hakika, kwa kuwa kila ukimfukuza hurudi.

Basi umemkasirikia mama, au yule mtoto wa miaka minne alimkasirikia, na unampenda, na unamshukuru. Hakuna kati ya hayo matatu lililo uongo. Wala mama hakukosea kwenda. Asingekwenda, leo ungeniandikia barua ya namna nyingine, na huenda usingejua kuandika.

La mume kuwa baba uliyemkosa nalipita. Linawezekana, ila sioni litakusaidia nini kesho asubuhi.

Zungumza naye siku ambayo hana safari, mchana, watoto wakiwa madrasa. Mweleze habari ya usiku ule wa Likoni kama ulivyonieleza. Sina hakika amewahi kuisikia yote. Mwambie kebini iondoke. Alale nyumbani, na saa ya kutoka akuamshe hata kama ni saa tisa usiku, aage, aseme siku ya kurudi. Hesabu za pesa na maswali ya simu mmalize kabla ya alasiri ya siku ile, na baada ya hapo yawe marufuku kwenu nyote. Ukihisi inapanda, sema kilichopo badala ya kutafuta chumvi: "Kesho unaondoka na nishaanza kukasirika." Atashangaa. Pengine mara ya kwanza mtagombana vilevile, lakini mtakuwa mnagombania jambo lenyewe.

Watoto waagwe waziwazi kabla ya kulala. Waambiwe mkiamka baba hayupo, atarudi Alhamisi, au siku yoyote ambayo ni ya kweli. Wakilia walie, yupo wa kuwabembeleza. Na yule mkubwa aliyeona kikombe, mrudie. Mwambie mama alikasirika, kurusha kikombe ni kosa, na wewe hukufanya lolote. Kikombe kile kinanitia wasiwasi kuliko yote aliyosema mwenzako wa chuo.

Kwa mama, usimwendee na "uliniacha". Muombe akusimulie usiku ule kwa upande wake. Habari uliyo nayo ni ya nyanya. Ya mwanamke aliyembusu mtoto aliyelala akaingia kwenye teksi hujawahi kuisikia, kama alimbusu. Chagua siku mko wawili, mnachambua mchele au mnakuna nazi, si mbele ya mashangazi. Huenda akakwambia yaliyopita si ndwele, akabadilisha mazungumzo. Mwachie, usimkazanie. Na ukiona machozi yake usikimbilie kumnyamazisha kwa kumwambia hukuwahi kuumia, kwa sababu hiyo nayo itakuwa njia ya kuufunga mlango.

Mkijaribu haya kwa miezi kadhaa na usiku wa safari ukabaki ni ule ule, au ukianza kukosa usingizi na hamu ya kula hata mume akiwepo, au mkono ukianza kuinuka juu ya mtu, tafuta mshauri nasaha. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo una haki ya kumuuliza aliyekaa mbele yako kama amesajiliwa, na asione vibaya. Ukimwambia unataka tiba ya saikodinamiki, yaani ile iliyotokana na mawazo ya Freud, usitarajie kitanda na ndevu. Siku hizi ni viti viwili, mara moja kwa wiki, dakika 50 au karibu na hizo, na utafiti uliofanywa juu ya tiba hii unaonyesha inawafaa wengi wenye sonona na wasiwasi, ingawa mengi ya Freud yamekwisha kutupwa njiani. Mshauri mzuri hatakuambia siku ya kwanza unamchukia nani.

Jambo moja nikutahadharishe mapema. Mshauri huyo naye siku moja atakwenda likizo. Wiki hiyo utamwona hana maana, anakula pesa zako bure, na utataka kuacha kabla hajaondoka. Usiache. Nenda kipindi cha mwisho umwambie hayo usoni, maana kwa tiba ya namna hii kipindi hicho ndicho chenye kazi.

Wako,
Somo